Kumsoma mtunzi wa dansi ili kutunga ya kwenu: tunachojifunza kwa Faustin Linyekula wa Kisangani

Vikundi vingi vya ngoma na dansi huku milimani, kuanzia Kwamkoro na Amani hadi Lushoto na Mlalo, siku hizi vinajifunza kwa kutazama simu. Kijana anaona video, anafuata hatua, anazishika, na wiki ijayo anatafuta nyingine. Kucheza anajua, tena vizuri. Ila kikundi kikiambiwa, "Mwenge unapita mwezi ujao, andaeni kitu cha kwenu," hapo ndipo kinapokwama. Ama kinarudia ngoma ileile ya miaka yote, ama kinaleta hatua za video ambazo kila mtu ameshaziona.

Makala haya yanaeleza njia ya tatu: kumsoma mtunzi mmoja wa dansi, kuelewa anafanyaje kazi yake, kisha kutumia njia yake kwenye mambo ya kwenu. Mtunzi tuliyemchagua ni jirani yetu, Faustin Linyekula wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Tumemchagua kwa sababu swali lake kubwa ni lile linalotusumbua hata sisi: ngoma za nyumbani zinapoanza kupotea, kijana wa leo acheze nini?

Mtunzi wa dansi ni nani?

Wimbo una mtunzi, na dansi nayo ina mtunzi. Ndiye anayeamua nani aanze, nani afuate, mwili ukae chini au juu, wachezaji wasimame wapi, wanyamaze lini na waishie vipi. Anaweza kucheza mwenyewe au asicheze kabisa.

Ngoma ya jadi nayo ilitungwa, ila watunzi wake ni wengi na majina yao hayakuandikwa. Kila kizazi kiliongeza na kupunguza. Dansi ya kisasa, kwa maana tunayoitumia hapa, ni ile inayotungwa na mtu anayejulikana, aliye huru kuchukua kutoka kwenye ngoma, mchezo wa kuigiza, kazi za mikono, sala, mpira au mwendo wa mtu wa kawaida. Msiichanganye na muziki wa dansi wa bendi zetu, wala na staili za bongofleva, ingawa mtunzi anaweza kuchota huko pia.

Kijana wa Ubundu

Linyekula alizaliwa mwaka 1974 Ubundu, kando ya mto Kongo, na akakulia maeneo ya Kisangani, mji ambao watu wake wanazungumza Kilingala na Kiswahili. Miaka ya 1990, vyuo vikuu vya Zaire vilipofungwa, alikwenda Nairobi. Huko aliingia kwenye tamthilia, na mwaka 1997 yeye, Opiyo Okach na Afrah Tenambergen walianzisha Gàara, kikundi cha kwanza cha dansi ya kisasa nchini Kenya. Kazi yao iliyoitwa Cleansing, yaani "kusafisha", ilipata tuzo mwaka 1998 huko Luanda, Angola, kwenye mashindano ya watunzi wa dansi wa Afrika na Bahari ya Hindi.

Angeweza kubaki nje kama wengi. Mwaka 2001 alirudi Kongo, nchi ikiwa bado vitani, akaanzisha Studios Kabako mjini Kinshasa. Jina Kabako ni la rafiki yake aliyefariki. Mwaka 2006 akahamishia kazi Kisangani, mji ambao miaka sita tu kabla majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani yake. Studios Kabako imekuwa mahali ambapo vijana wanajifunza dansi, tamthilia, muziki na filamu. Mwaka 2007 alipata Tuzo ya Prince Claus ya Uholanzi.

Tazama mwendo huo: aliondoka, akajifunza kwa wengine, akarudi na kuuliza kwao kuna nini. Kazi zake nyingi zinafuata njia hiyohiyo. Tuchukue tatu.

Kazi ya kwanza: kurudi na kuuliza

Mwaka 2011 Linyekula alitunga Le Cargo, maana yake "mzigo". Yuko peke yake jukwaani. Anaongea kwanza, kisha anacheza. Anasimulia safari ya kurudi Obilo, kijiji alichokijua utotoni, kutafuta ngoma alizozikumbuka. Mtu aliyekwisha kucheza kwenye majukwaa makubwa ya Ulaya anarudi kuuliza: ile ngoma niliyoisikia nikiwa mtoto ilikuwa nini hasa?

Somo hapa haliko kwenye hatua zake. Kukosa kwenyewe kumekuwa dansi. Hakusubiri aijue ngoma yote ndipo atunge. Alitunga kutokana na kumbukumbu, safari na swali. Kijana wa Kwamkoro ambaye bibi yake alicheza mdumange, na yeye anakumbuka tu mlio wa ngoma usiku na vumbi la miguu, ameshapata pa kuanzia.

Kazi ya pili: kuanza na kitu kimoja

Mwaka 2017 jumba la makumbusho la Metropolitan la New York lilimwalika kutunga kazi. Katika hazina ya jumba hilo alikuta sanamu ya Walengola, watu wa upande wa mama yake. Sanamu ilikuwa imetunzwa vizuri, lakini mbali sana na watu walioichonga. Akasafiri na ndugu zake hadi kijiji cha ukoo, na kutokana na safari hiyo ikazaliwa kazi inayoitwa Banataba, jina la kijiji chenyewe.

Somo la pili ni kwamba dansi inaweza kuanza na kitu kinachoshikika. Kila nyumba huku ina kitu cha namna hiyo: kinu kilichopasuka ambacho mama hataki kukitupa, kigoda cha babu, kapu la kuchumia chai, ngoma kuukuu isiyo na ngozi. Ukikishika unajua mwili wa aliyekitumia ulikaaje. Mgongo ulipinda wapi? Mkono upi ulichoka kwanza? Hapo umeshapata mwendo, na hukuutoa kwenye simu.

Kazi ya tatu: kuwapa jukwaa waliocheza kabla yako

Hii ndiyo inayotugusa zaidi. Mwaka 1974, mwaka aliozaliwa Linyekula, Rais Mobutu alianzisha kikundi cha dansi cha taifa la Zaire. Kazi yake ya kwanza ilikuwa Masimulizi ya Lianja, shujaa wa Wamongo. Ngoma za makabila mbalimbali zilikusanywa, zikapangwa na kuchezwa kwa jina la taifa moja na rais mmoja.

Miaka 45 baadaye, mwaka 2019, Linyekula aliirudia kazi hiyo. Hakuicheza upya kama ilivyokuwa. Aliwaita jukwaani wasanii watatu wa kikundi kile cha taifa, sasa watu wazima, waeleze walichocheza na kilichofuata baada ya hapo. Kazi hiyo mpya inaitwa Histoire(s) du théâtre II. Ndani yake unaona miili iliyozeeka ikikumbuka hatua za ujana, na unajiuliza: walikuwa wanacheza ngoma ya nani, na kwa faida ya nani?

Kwa hiyo dansi ya zamani inaweza kusomwa kama kitabu. Unaiheshimu, unaihoji, halafu unatunga nyingine inayojibu ile ya kwanza.

Na sisi Tanzania je?

Sisi pia tuna historia inayofanana. Desemba 1962 Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akilalamika kwamba wasomi walijua dansi za Ulaya kuliko ngoma za kwao. Katika miaka hiyo ya 1960 serikali iliunda kikundi cha ngoma cha taifa, wachezaji kutoka sehemu mbalimbali wakafundishana ngoma za makabila. Mwaka 1981 Chuo cha Sanaa kilifunguliwa Bagamoyo, ambacho leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa.

Faida yake ni kubwa. Mtoto wa Mtwara anaweza kuicheza ngoma ya Tanga, na ngoma nyingi zimehifadhiwa na kufundishwa darasani. Lakini ngoma ikishaletwa jukwaani inabadilika. Iliyochezwa usiku kucha inafupishwa kuwa dakika tano. Iliyochezwa kwa duara, kila mtu ndani, inakaa mstari mmoja kumtazama mgeni rasmi. Huku kwetu nako vikundi vimezoea ngoma ya mapokezi: gari linafika, ngoma inapigwa, mgeni anashuka, anacheza hatua mbili, makofi, imekwisha.

Hilo si kosa la wachezaji. Ila ni vizuri kikundi kijue kinachocheza ni kipande, na kwamba kile kilichokatwa bado kiko kwenye vichwa vya wazee. Wazee hao hawatakuwepo siku zote.

Kuiga kuna mahali pake

Msikilizaji anaweza kuuliza: kwa hiyo kuiga hatua za mtu ni vibaya? Hapana. Kuiga ni shule. Tatizo ni kuishia hapo.

Mfano mzuri uko Senegal. Germaine Acogny, mzaliwa wa Benin mwaka 1944 na mlezi wa dansi ya kisasa ya Kiafrika, alianzisha shule kwenye kijiji cha pwani cha Toubab Dialaw. Mafunzo yake yanachota kwenye ngoma za Afrika Magharibi na kwenye vitu vya asili. Mti wa msufi, kwa mfano, unamfundisha mchezaji kusimama kwa mizizi na kwenda juu kwa wakati mmoja.

Mwaka 2020 wachezaji kutoka nchi 14 za Afrika walikusanyika shuleni hapo kujifunza kazi maarufu ya mtunzi wa Ujerumani, Pina Bausch, aliyoitunga mwaka 1975. Inachezwa juu ya jukwaa lililomwagwa udongo, na inasimulia jamii inayomchagua msichana mmoja acheze mpaka afe. Muziki wake ni wa Mrusi Igor Stravinsky, uliopigwa mara ya kwanza Paris mwaka 1913 na dansi ya mtunzi mwingine, Nijinsky. Watunzi wengi wameurudia muziki huo, kila mmoja na dansi yake.

Wachezaji hao wa Afrika walijifunza kila hatua ya Bausch bila kubadilisha. Ugonjwa wa korona ulipozuia safari, walirekodiwa wakiicheza mchangani ufukweni, machweo ya Machi 2020. Baadaye, ilipoanza kuzungushwa kwenye majukwaa, ilitangulizwa na kazi mpya ya Acogny mwenyewe na Malou Airaudo, mchezaji wa siku nyingi wa Bausch. Usiku mmoja, kazi mbili: moja ya kujifunza kwa uaminifu, nyingine ya kusema la kwao. Utaratibu huo hata kikundi cha kijijini kinauweza.

Namna ya kuanza, hatua kwa hatua

Hamhitaji ukumbi wala fedha nyingi. Mnahitaji simu moja, bando kidogo, daftari, na mwezi mmoja wa mazoezi.

1. Chagueni kazi moja. Tafuteni jina la Faustin Linyekula au Studios Kabako, au mtunzi mwingine mnayempenda. Dakika tano za video zinatosha. Mtandao ukiwa mdogo, tazameni asubuhi mapema au mkiwa sehemu yenye mnara.

2. Tazameni bila sauti. Andikeni mnachoona, bila kusema "nzuri" au "mbaya". Uzito wa mwili uko wapi, kwenye visigino au vidoleni? Nani anaanza? Wanasogea pamoja au mmoja anachelewa? Wakati gani hawachezi kabisa?

3. Sikilizeni bila kutazama. Geuzeni simu kifudifudi. Pumzi, miguu na ukimya navyo vimetungwa. Sisi wa redio tunalijua hili vizuri.

4. Andikeni swali moja la mtunzi. Kwa Le Cargo linaweza kuwa: "Ni ngoma gani ilichezwa kwetu ambayo mimi sikuiona?" Swali likizidi mstari mmoja, punguzeni.

5. Lipelekeni swali kwa mzee. Nendeni wawili au watatu, si kikundi kizima, na msianze na kamera. "Shikamoo bibi. Tumekuja kuuliza habari za ngoma za zamani, kama utakuwa na nafasi." Ulizeni ilichezwa lini, nani aliruhusiwa, nani alikatazwa, na kwa nini iliachwa. Mwisho mwombeni awaonyeshe mwendo mmoja tu, hata akiwa ameketi. Mkono wa bibi aliyeketi unaweza kuwapa zaidi ya video kumi.

6. Ugeuzeni mwendo huo. Uchezeni taratibu mara mbili, halafu kwa kasi. Uchezeni mkiwa mmechuchumaa. Uchezeni mkipeana migongo. Mmoja aucheze na wengine wasimame. Kila mara andikeni unasema nini sasa ambacho haukusema mwanzo.

7. Mwonyesheni mzee kabla ya mgeni rasmi. Akicheka, muulizeni kimemchekesha nini. Akikasirika, msikilizeni zaidi.

Mfano wa Kwamkoro

Tuseme kikundi kimechagua kuanza na kitu, kama Banataba. Kitu chenyewe ni kapu la chai. Mchumaji hubeba kapu mgongoni, mikono yote miwili inatangulia mbele, vidole vinachagua majani mawili na chipukizi, mkono unapita juu ya bega kutupia nyuma bila kuangalia. Mguu unatafuta pa kukanyaga kwenye mteremko. Huo ni mwendo kamili, wenye mdundo wake.

Sasa wekeni swali: je, mchumaji akivua kapu, mgongo unanyooka? Mchezaji mmoja anaweza kucheza bila kapu huku mgongo ukiwa bado umebeba. Mtazamaji ataelewa bila kuambiwa. Na kwa kuwa mashamba ya chai na mkonge ya Tanga yalivuta vibarua kutoka mikoa mingi, kila mchezaji anaweza kuingiza mwendo mmoja wa ngoma ya ukoo wake, Msambaa na wa mdumange, mwingine na wa kwao.

Au tuseme mmechagua masimulizi, kama ya Lianja. Usambara tuna ya Mbegha, yaliyoandikwa na Abdallah bin Hemedi katika Habari za Wakilindi: mwindaji aliyefukuzwa kwao Ungulu kwa sababu alidhaniwa kuwa kisirani, akaja na nyama ya nguruwe mwitu, akaua simba, akafanywa mtawala Vugha. Badala ya kuigiza kisa chote, chukueni swali moja: mtu aliyekataliwa kwao anatembeaje anapoingia kijiji cha watu? Hilo linawagusa hata vijana waliorudi kutoka mjini mikono mitupu.

Mambo ya kuangalia

Si kila ngoma ni ya jukwaani. Kuna za unyago, za jando, za matambiko na za misiba. Mzee akisema "hii haionyeshwi", mjadala umekwisha. Mnaweza kutunga dansi kuhusu mlango uliofungwa bila kuufungua.

Imani za watu ziheshimiwe. Wazazi wengine, wa kanisani na wa msikitini, hawapendi watoto wao wacheze ngoma fulani. Waelezeni mapema mnachofanya badala ya kuwashtukiza siku ya shughuli.

Msimrekodi mzee wala kumpandisha mtandaoni bila ruhusa yake. Kama mtalipwa kwa dansi iliyotokana na mwendo wake, mkumbukeni kabla ya kugawana.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda kazi za watunzi wa dansi, na inazitambua ngoma za jadi kama mali ya jamii. Kujifunza kwa kutazama na kufanya mazoezi ni jambo moja. Kuchukua dansi ya mtu kama ilivyo, kuicheza kwa kiingilio na kuiita yenu, ni jambo jingine. Mkiwa na kazi yenu wenyewe, muulizeni Afisa Utamaduni wa halmashauri namna ya kujisajili Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, na namna ya kuilinda kazi kupitia COSOTA. Siku ya onyesho tajeni waliowafundisha: mzee kwa jina lake, akikubali, na mtunzi mliyemsoma.

Kwa kikundi kinachoanza wiki hii, kazi ya kwanza si ngumu. Kabla ya kufungua video yoyote, kila mmoja aulize nyumbani kwake jina la ngoma moja iliyokuwa ikichezwa na ambayo siku hizi haichezwi. Andikeni majina hayo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, pamoja na jina la aliyewatajia na tarehe. Kisha ndipo mfungue simu.